Guangzhou: wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na familia zinazowangoja

Sehemu kubwa ya nguo, viatu, simu, vigae na samani zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, Eastleigh jijini Nairobi au Kikuubo mjini Kampala hutokea kusini mwa Uchina. Nyuma ya bidhaa hizo wapo watu walioziacha nyumba zao kwenda kuzichagua kwa macho yao, na wapo waliobaki nyumbani wakiwangoja.

Mji wanaouendea ni Guangzhou, makao makuu ya jimbo la Guangdong, ulio kando ya Mto wa Lulu na wenye wakazi zaidi ya milioni 18. Si mji mgeni kwa watu wa Bahari ya Hindi. Mabaharia Waarabu wa karne ya 9 waliufahamu kwa jina la Khanfu, na msikiti wa Huaisheng uliopo mjini humo unahesabiwa kuwa miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa nchini Uchina.

Waafrika walianza kuonekana kwa wingi mjini humo mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo wengi walinunua bidhaa Bangkok, Jakarta na Hong Kong. Msukosuko wa fedha ulioikumba Asia mwaka 1997 uliwasukuma baadhi yao kutafuta mahali pengine, na Uchina ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwezi Desemba mwaka 2001, waliona heri kwenda moja kwa moja kwenye chimbuko la bidhaa. Mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli ikajaa hoteli, maduka ya jumla, ofisi za mawakala wa mizigo na migahawa ya Kiafrika. Mashirika ya ndege ya Ethiopian Airlines na Kenya Airways yakaufanya mji huo kuwa kituo cha kawaida, na baadaye Air Tanzania ikaingia katika njia hiyo.

Kwa nini mtu aende mwenyewe?

Swali hili huulizwa na kila mtu ambaye hajawahi kufanya biashara hiyo. Simu zipo, picha hutumwa kwa sekunde chache, na benki huhamisha fedha kutoka bara moja hadi jingine. Kwa nini basi mama mwenye duka la mikoba aache watoto na kusafiri umbali huo wote?

Jibu liko kati ya sampuli na mzigo wenyewe. Kiwanda hupokea arbuni, ambayo mara nyingi ni asilimia 30 ya bei, kisha hutengeneza mzigo, na salio hulipwa kabla mzigo haujaondoka. Aliyelipa salio bila kufungua katoni anaweza kupokea bandarini viatu ambavyo gundi yake haifanani hata kidogo na ile ya sampuli aliyoonyeshwa. Kesi ya madai dhidi ya kiwanda kilicho nchi nyingine, katika lugha asiyoijua, ni jambo ambalo mfanyabiashara mdogo halimudu. Dawa pekee aliyo nayo ni kusimama pale ghalani, kufungua katoni moja moja na kuhesabu.

Zaidi ya hayo, masoko yenyewe ni mengi na kila moja lina bidhaa yake. Nguo ziko Baima, karibu na stesheni ya reli, na Shahe, ambako wauzaji hufungua kabla ya alfajiri na mchana biashara huwa imekwisha. Mikoba na bidhaa za ngozi ziko Guihuagang, na vitambaa viko Zhongda. Anayetaka vigae na samani huenda mji jirani wa Foshan, na wa vifaa vya simu huenda Huaqiangbei mjini Shenzhen. Mtu wa Kariakoo ambaye huuza bidhaa za aina tatu hutembea sana, huku akiwa na mkalimani pembeni, ambaye mara nyingi ni kijana wa Kitanzania au wa Kenya aliyekwenda huko kusoma.

Siku 30

Viza ya biashara, ambayo Uchina huiita daraja la M, mara nyingi humruhusu msafiri kukaa siku 30, ingawa wapo wanaopewa zaidi. Ndani ya siku hizo lazima achague, apatane, alipe arbuni, angoje kiwanda kimalize kazi, akague na kupakia. Kiwanda kikichelewa wiki moja, hesabu yote huvurugika.

Sheria ya uhamiaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 haina mzaha. Anayepitisha muda hutozwa faini ya yuan 500 kwa kila siku hadi kufikia yuan 10,000, au huwekwa kizuizini kati ya siku 5 na 15. Anayelala kwenye nyumba ya mtu badala ya hoteli hutakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Ukaguzi wa pasipoti katika mitaa ya Waafrika umewahi kuzua machafuko. Mwezi Julai mwaka 2009 Waafrika walikizingira kituo cha polisi baada ya Mnigeria mmoja kujeruhiwa aliporuka kutoka ghorofani akikimbia wakaguzi, na mwezi Juni mwaka 2012 waliandamana tena baada ya mwenzao kufia mikononi mwa polisi.

Kalenda nayo ina ukali wake. Meli kutoka bandari za Nansha na Shenzhen huchukua mwezi mmoja hivi, au zaidi, kufika Dar es Salaam au Mombasa, na baada ya hapo kuna forodha. Kwa hiyo nguo za Krismasi hununuliwa mwezi Agosti na Septemba, na anayeuza nguo za Idi huwa Guangzhou miezi mitatu kabla. Wakati wa sherehe za mwaka mpya wa Kichina, mwezi Januari au Februari, viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, na hakuna pesa ya kuvifungua.

Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika tangu mwaka 1957, hufunguliwa mwezi Aprili na Oktoba. Wageni wengi hudhani ndiyo shabaha ya safari hizo. Wenye mitaji midogo, kwa hakika, huikwepa miezi hiyo, kwa sababu bei za hoteli hupanda.

Saa tano mbele

Guangzhou iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano, na saa hizo ndizo zinazopanga maisha ya familia. Mtoto akirudi kutoka shule saa kumi na moja jioni, mzazi aliye Xiaobei yuko saa nne usiku, amechoka kutembea sokoni. Duka la Kariakoo linapofunga hesabu saa mbili usiku na msaidizi anataka kueleza mauzo ya siku, Guangzhou ni saa saba usiku. Anayenunua Shahe huamka muda mfupi baadaye.

Katika miaka ya mwanzo mawasiliano yalikuwa kwa kadi za simu zilizouzwa Xiaobei, na dakika zake zilihesabiwa. Siku hizi tatizo ni jingine. Uchina iliifunga Facebook mwaka 2009 na WhatsApp mwaka 2017, hivyo kundi la ukoo ambamo habari zote hupita, tangu homa ya mtoto hadi mchango wa harusi, hunyamaza ghafla mara msafiri anapotua na kutumia mtandao wa huko. Wazoefu huwawekea jamaa zao programu ya Kichina ya WeChat kabla ya kuondoka. Ndiyo maana katika familia nyingi za wafanyabiashara yupo bibi wa miaka 70 asiyesoma barua pepe, lakini anajua kupokea simu ya video kupitia WeChat.

Chakula hakina shida kubwa kama wengi wanavyohofu. Migahawa ya Wachina Waislamu, wenye mkate na nyama ya kondoo, iko tele, na Xiaobei hupatikana wali na nyama ya kuchoma. Ugali ndio adimu, na wapo wasioondoka bila unga sandukuni. Ijumaa msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo kwa mapokeo ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas, hujaa hadi nje, na Jumapili Wakristo wa Kiafrika hukusanyika katika kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe. Kwa mtu aliye peke yake, huko ndiko hupatikana habari za nani ameugua, nani anasafiri kesho, na wakala gani amepoteza mizigo ya watu.

Mtaji wa ukoo

Tofauti na Wanigeria, ambao wengi wao waliokaa Guangzhou ni wanaume, miongoni mwa wasafiri wa Afrika Mashariki wanawake ni wengi. Mtaji wao kwa kawaida si wa mtu mmoja. Umo mchango wa vicoba au wa chama, umo mkopo uliowekewa nyumba dhamana, na zimo fedha za shemeji aliyeagiza televisheni. Mama mzazi hulea wajukuu, mdogo mtu husimamia duka, na dada wa kazi hushika funguo za nyumba. Ukitazama kwa makini, aliyepanda ndege ni mmoja, lakini wanaofanya kazi ni watu saba au wanane, na wengi wao hawana fungu katika hesabu ya faida. Bei ya koti sokoni ina ushuru ndani yake, ina nauli ya meli iliyokokotwa kwa mita ya ujazo, hata gharama ya ukaguzi wa viwango ambao Kenya iliuanza mwaka 2005 na Tanzania mwaka 2012. Mwezi mmoja wa bibi kulea wajukuu haumo.

Mwanamke anayesafiri peke yake hukabiliwa pia na maswali ambayo mwanamume haulizwi. Mume husikia maneno ya mtaani. Akirudi na mzigo mzuri maneno hupungua. Akirudi na hasara, safari yenyewe huwa ushahidi dhidi yake. Kwa upande mwingine, wapo wanaume waliooa wanawake wa Kichina na kuzaa huko, na mke aliyeko nyumbani akawa wa mwisho kujua. Ndoa hiyo haimpi mgeni ruhusa ya kufanya kazi Uchina, na kwa kuwa nchi hiyo haitambui uraia pacha, mtoto huchaguliwa upande mmoja tu.

Hofu kubwa zaidi ni ya mzigo wa mtu mwingine. Kisheria, anayekutwa akisafirisha gramu 50 au zaidi za heroini nchini Uchina anaweza kufungwa miaka 15, kifungo cha maisha, au kuhukumiwa kifo. Mwaka 2013 Padri John Wotherspoon, anayehudumia wafungwa wa Hong Kong, alianza kusambaza barua za wafungwa, wakiwemo Watanzania, waliowaonya ndugu zao wasikubali kubeba dawa hizo. Familia nyingine zilifahamu mahali alipo ndugu yao miezi mingi baada ya simu yake kuacha kuita.

Mwaka 2020 na baada yake

Pigo lililobadilisha kila kitu lilikuja na virusi vya corona. Tarehe 28 Machi 2020 Uchina iliwafungia mipaka wageni karibu wote. Wiki chache baadaye Waafrika waliokuwa Guangzhou walilazimishwa kupimwa na kukaa karantini, na baadhi yao walifukuzwa katika nyumba na hoteli wakalala barabarani. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko, na wizara ya mambo ya nje ya Uchina ikasema haivumilii ubaguzi. Kwa takwimu za mji, Waafrika wapatao 16,000 walikuwa wakiishi Guangzhou mwaka 2014. Mwezi Aprili mwaka 2020 walikuwa 4,553. Viza za aina zote hazikuanza kutolewa tena hadi tarehe 15 Machi 2023.

Kwa miaka hiyo mitatu Kariakoo haikukosa bidhaa. Waliokuwa wakisafiri mara nne kwa mwaka waliagiza kupitia mawakala waliobaki Guangzhou, wakatazama katoni zikifunguliwa kwenye simu, na mizigo ikafika. Mpaka ulipofunguliwa wengine walirudi, lakini wengine waliona hawana haja. Mwaka 2025 Tanzania ilifungua kituo kikubwa cha biashara Ubungo, kilichojengwa kwa mtaji wa Kichina, ili wanunuzi wa eneo hili wapate bidhaa za Uchina bila kuvuka bahari.

Hata hivyo, shaka iliyowapeleka watu ghalani haikuondoka. Imehamishiwa kwa wakala, na mfanyabiashara mwenye busara hampi mgeni kazi hiyo. Humpa mdogo wake, mpwa wake, au kijana wa mtaani kwao aliyesoma huko. Zamani watu wengi walikuwa mbali na nyumbani kwa wiki chache. Sasa ni wachache, lakini kwa miaka.

Kijana huyo ana kibali cha kukaa kinachohuishwa kila baada ya muda mfupi, naye hawezi kuwa na uhakika wa kukipata tena. Hupokea maagizo Kariakoo inapofunga, yaani usiku wa manane kwake, na alfajiri huwa sokoni. Tanzania na Uganda zina balozi ndogo Guangzhou za kumsaidia akipoteza pasipoti. Akifiwa nyumbani, kwa kawaida mazishi huwa yamekwisha kabla hajapata mtu wa kumwachia mizigo ya watu.