Damu Isiyo ya Kawaida: Ultrasaundi Inaona Nini?

Mwanamke akishamaliza mwaka mzima bila hedhi, damu yoyote inayofuata si hedhi iliyorudi. Hata tone moja kwenye nguo ya ndani linatosha kumpeleka hospitali, kwa maana katika kila wanawake 10 wenye dalili hiyo, mmoja hivi hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi.

Kwa aliye bado katika umri wa kuzaa, damu ya kutiliwa shaka ni ile inayozidi siku 8, inayotoka kati ya hedhi moja na nyingine, au inayolowesha pedi nzima kila saa. Huyu apimwe ujauzito kwanza: mimba inayoharibika na ile iliyotunga nje ya kizazi huweza kuanza na damu vilevile.

Ndipo ifuate ultrasaundi. Inatumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Ya tumboni hutaka kibofu kilichojaa. Ya ukeni hutaka kibofu kitupu, nayo huonesha kizazi kwa uwazi zaidi. Kwenye skrini, ukuta wa ndani huonekana kama ukanda, nasi huupima pale uliponenepa zaidi. Kwa aliyekoma hedhi, ukanda wa milimita 4 au pungufu hushusha uwezekano wa saratani hiyo hadi chini ya asilimia 1. Ukizidi hapo, huchukuliwa kinyama kikapimwe maabara. Kiwango hicho hakimhusu anayeendelea kupata hedhi, kwa kuwa ukanda wake hunenepa na kupungua kila mwezi.

Uvimbe wa faibroidi huonekana kama duara jeusi lenye kivuli. Usiulize ukubwa wake tu, uliza na mahali ulipo: mdogo uliojitokeza ndani ya kizazi unaweza kumwaga damu kuliko mkubwa ulioota upande wa nje.

Lakini saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ikiwa changa inaweza kuipita ultrasaundi bila kuonekana. Hiyo hutafutwa kwa daktari kuuangalia mlango wenyewe na kuchukua vipimo vyake. Kwa hiyo dada, mama, ukiambiwa picha ni safi na damu bado inatoka, usikae nyumbani na karatasi ya majibu. Rudi, uombe mlango wa kizazi uangaliwe.