Kahawa Iliyovundikwa Ndani ya Pipa

Mtu aliyezoea kahawa chungu ya barazani, imiminwayo kutoka kwenye mdila na kusindikizwa na kipande cha kashata, akipewa kikombe cha kahawa ya namna mpya inayouzwa siku hizi kwa thamani kubwa katika miji ya Ulaya, Marekani na Ghuba, aghalabu husita baada ya funda la kwanza na kuuliza kilichotiwa ndani yake; kwani hupata ulimini ladha ya nanasi lililoiva kupita kiasi, au ya zabibu zilizochachuka, au ya mtindi, ilhali muuzaji anaapa kwamba hamna kitu ila buni na maji ya moto. Muuzaji akiwa mwaminifu, hasemi uongo. Ladha ile imezaliwa shambani, katika siku chache zilizo baina ya kuchumwa kwa tunda na kuanikwa kwake.

Tunda la kahawa, kama ajuavyo mkulima wa Kilimanjaro au wa Mbinga, lina ganda jekundu, chini yake nyama tamu kidogo, kisha ute mzito wenye sukari uliogandamana na ngozi ngumu, na ndani ya ngozi hiyo ndimo zilimolala punje mbili zikielekeana. Mashine ya kumenyea huondoa ganda na nyama, lakini ute haubanduki kwa maji matupu. Kwa hiyo tangu zamani kahawa iliyomenywa huvundikwa katika tangi, au kwa mkulima mdogo katika ndoo iliyofunikwa gunia, usiku mmoja hata siku mbili kwa kadiri ya baridi ya mahali, mpaka vijidudu visivyoonekana kwa macho viule ute na kuulegeza. Fundi hahitaji saa. Huchota punje kiganjani, akazisuuza na kuzisugua, na zikikwaruzana kama changarawe hujua zimekuwa tayari. Au huchomeka fimbo katikati ya tangi, akaichomoa, na tundu likibaki wazi pasipo kujifumba, hufungulia maji. Muradi wa kazi yote hiyo ulikuwa usafi, na fundi aliyevundika vizuri ni yule ambaye mnywaji hakuweza kutambua kwamba alivundika.

Muradi huo ndio uliopinduliwa. Mwaka 2015, mjini Seattle, Saša Šestić wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia wa mabarista, yaani mafundi wa kutayarisha kahawa, kwa kahawa ya Colombia iliyotengenezwa kwa maarifa yaliyoazimwa kwa watengeneza mvinyo wa Beaujolais, Ufaransa, ambao huyaweka matunda mazima katika chombo kilichozibwa, hewa ya kawaida ikafukuzwa na hewa ya ukaa. Mbegu ya kahawa ile, iitwayo Sudan Rume, asili yake ni nyanda za juu za Boma, Sudan Kusini, na damu yake imo katika Ruiru 11, aina iliyotolewa Kenya mwaka 1985 ili kuukabili ugonjwa wa chulebuni. Hivyo kikombe kilichowashangaza majaji kilikuwa na ujamaa na miche iliyosimama katika mashamba ya Kiambu, jambo ambalo halikutajwa sana.

Kuziba chombo kuna faida gani? Katika tangi lililo wazi hewa huingia, na kwa hewa hiyo hustawi bakteria wageuzao kileo kuwa siki. Pipa likizibwa, hamira hula sukari na kutoa hewa ya ukaa, nayo huisukuma nje ile iliyokuwamo. Bakteria wa siki hudhoofika kwa kukosa pumzi, na uwanja huachiwa hamira pamoja na bakteria wa jamii ile igandishayo maziwa. Punje nayo ingali hai, na baadhi ya asidi na viini vya harufu vinavyozaliwa pipani huipenya. Vyombo si vya gharama kubwa: pipa safi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na mpira mwembamba utokao kifunikoni, ncha yake ikazamishwa katika chupa ya maji, ili mapovu yatoke na hewa ya nje isirudi. Wenye kipimo cha asidi (pH) hukiona kikishuka kutoka takriban 5.5 hata karibu na 4, wakafungua. Wasio nacho hutegemea pua, na pua huchelewa. Baada ya hapo kahawa huanikwa kwenye meza, polepole, ikigeuzwa mara kwa mara, hata unyevu ubaki kama asilimia 11.

Nisifiche rai yangu: pipa halimrekebishi aliyechuma matunda mabichi, na uchachushaji ukizidi huifunika ladha ya udongo na ya mbegu, hata kahawa ya Rombo na ya Huila, Colombia, zikawa hazitofautiki. Wako pia watiao mdalasini au matunda mengine pipani. Sina ugomvi nao, maadamu wameliandika jambo hilo juu ya gunia.

Lakini tatizo zito kwa mkulima mdogo wa kwetu ni jingine. Yeye, aghalabu, hauzi peke yake. Kahawa yake huchanganywa na ya jirani zake katika chama cha msingi, na mchanganyiko huo husifiwa kwa kufanana, gunia kwa gunia. Kilo chache za kahawa ya pipa zikipenya humo, ladha ile ile ambayo peke yake ingesifiwa, mwonjaji wa mnadani ataihesabu kuwa kasoro ya uchachu, wala hatakuwa amekosea. Kwa hiyo azibaye pipa sharti awe na meza yake ya kuanikia, gunia lake, na kiwanda kitakachokubali kukoboa shehena ndogo bila ya kuichanganya. Fauka ya hayo, awe amekwisha kumpata mnunuzi kabla hajachuma. Na mnunuzi huyo, madhali ndiye anayeitaka ladha ya nanasi, alipie mapipa ya majaribio yote, yatakayotoka mazuri na yatakayooza, kwa bei iliyoandikwa kabla ya msimu.