Nani Anatoboa Majani ya Maharagi Yetu?

Mvua za Septemba zikianza tu, kila mwenye kipande cha udongo anapanda maharagi. Siku chache baada ya kuota, majani mapya yanakuwa na matundu kama chujio la chai. Nani amekula? Tuliinama kwenye kishamba kimoja cha Kagarama, wilaya ya Kicukiro mjini Kigali, tukamkuta mwenyewe juu ya jani.

Ni kidudu cha mviringo, urefu wake kama milimita 6, mgongo unang'aa. Wengine wana rangi ya machungwa, wengine weusi. Wataalamu wanamwita Ootheca mutabilis. Hilo jina la pili ni Kilatini, maana yake mwenye kubadilika.

Anaishi wapi?

Wengi wetu tunadhani analetwa na upepo. Kumbe muda mwingi wa maisha yake yuko chini ya miguu yetu! Jike anataga mayai ndani ya udongo, karibu na shina. Funza wakitoka wanakula mizizi, ndiyo maana mmea unaweza kugeuka manjano na kunyauka. Hapo hapo udongoni wanakuwa wadudu wazima, lakini hawatoki. Wanalala kiangazi chote, wakingoja mvua kama sisi tunavyoingoja.

Tufanye nini?

Kwanza, ukishavuna mwezi wa sita, usiache shamba limelala. Geuza udongo, jua la Julai na Agosti liwachome wale waliojificha. Kuku nao watashukuru.

Pili, palipokuwa na maharagi, msimu unaofuata weka mahindi. Usiweke kunde, maana nazo anazipenda sana.

Tatu, asubuhi na mapema pita ukiwaokota. Wakulima wengi hunyunyiza pia majivu juu ya majani.

Dawa za dukani tuwe nazo macho. Mushogoro, yaani majani ya maharagi, ni mboga ya watoto wetu. Sumu ya leo isije ikaingia kwenye sufuria ya kesho.

Na mdudu huyu ana mabawa. Ukigeuza udongo wako peke yako, wa jirani atakuja kwako. Basi mama, baba, bisheni hodi kwa jirani, mlime siku moja.

Tuonane mwezi ujao.