Choma ya Mbogi na Kuna Mwenye Alsa? Panga Hivi Ndio Kila Mtu Alale Fiti

Unamjua huyu mtu. Kila mkichoma nyama anakaa karibu na jiko, anacheka na kila mtu, lakini sahani yake iko na vipande viwili na anavizungusha tu. Ukimuuliza anakwambia, "Nimeshiba, ahsante." Hajashiba, babaa. Ana vidonda vya tumbo, ile mtaani tunaita alsa, na anaona noma kusema mbele ya watu.

Mbaya zaidi ni yule anayekula kila kitu kwa heshima ya mwenyeji, halafu saa nane usiku amejikunja kitandani anatafuta pumzi. Na kama keja yako iko Likoni, hesabu unaijua: Coast General iko kisiwani, na katikati kuna feri. Hiyo si safari ya mtu anayeumwa.

Sasa kaskazi inavuma, shule zimefungwa, jamaa wanashuka kutoka bara, na kila wikendi kuna moshi kutoka Magongo mpaka Mshomoroni. Kama wewe ndio mwenye choma, soma hapa kwanza.

Uliza kabla hujanunua nyama

Usiulize kwa grupu ya WhatsApp mbele ya watu thelathini. Mwandikie kila mtu pembeni: "Kuna chakula hupatani nacho?" Inatosha. Matumbo hayafanani. Kuna mwenye alsa, kuna mwenye kiungulia, kuna anayejaa gesi akila maharagwe, na kuna ambaye glasi moja ya maziwa inamkimbiza chooni. Kinachomchoma mmoja, mwingine anakila na kuongeza. Kwa hivyo usikisie, uliza.

Pilipili si mama wa alsa, lakini si rafiki yake pia

Wengi tumelelewa tukiambiwa alsa inaletwa na pilipili, njaa na mawazo. Ukweli ni kwamba nyingi zinaletwa na bakteria anayeitwa H. pylori, au na kumeza dawa za maumivu kama aspirin na ibuprofen mara kwa mara. Daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa hao bakteria mwenyewe mwaka wa 1984 ili kuthibitisha kwamba wanaharibu tumbo. Tumbo lake likawaka kweli. Mwaka wa 2005, yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel.

Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, alsa ya H. pylori inatibika kwa dawa za hospitali, kwa hivyo beshte yako asikubali kuishi nayo miaka kumi. Pili, pilipili haikuleta kidonda, lakini kwa wengi inakichokoza. Iweke kwa bakuli yake pembeni, pamoja na ndimu na ukwaju. Anayetaka moto atajipakulia mwenyewe.

Lainisha nyama kistaarabu

Nyama haihitaji limau na pilipili ndio iwe laini. Mama zetu wa Pwani wana siri ya zamani: papai bichi. Lisage, pakaza kwa mishkaki na chumvi na tangawizi kidogo, acha kama saa moja hivi. Usiache usiku kucha, nyama itakuwa uji.

Chagua nyama isiyo na mafuta mengi, kuku aliyetolewa ngozi, au samaki kama changu. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na hapo ndipo kiungulia huanza. Subiri makaa yageuke majivu meupe kabla hujaweka nyama. Kwa wageni wenye tumbo jepesi, funga samaki kwa jani la mgomba: anaiva bila kuungua.

Kitunguu ndio mchokozi wa kimyakimya

Wenye gesi na tumbo la kukatakata mara nyingi wanaumizwa na kitunguu maji na kitunguu saumu kuliko nyama yenyewe. Fanya kachumbari mbili. Moja ya kawaida. Nyingine ya matango, karoti na dania, na kama unataka harufu ya kitunguu, tumia majani ya kijani peke yake.

Ladha ya saumu je? Kaanga vipande kwa mafuta, vitoe vyote, halafu tumia hayo mafuta siku hiyo hiyo. Ladha inabaki, mchokozi ameenda.

Pembeni weka mhogo wa kuchoma, viazi au wali mweupe. Hivi Kongowea havikosi na havimalizi doh. Tunda la kumalizia liwe papai lililoiva. Embe ni tamu, lakini likizidi linajaza watu gesi.

Joto la Mombasa halina huruma

Hapa hata mwenye tumbo la chuma anaanguka. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, kama vile kaskazi inavyotufanyia, kisizidi saa moja. Nyama mbichi ikae kwa barafu mpaka zamu yake ifike. Sahani iliyobeba nyama mbichi isiguse iliyoiva. Kuku akatwe mpaka mfupani: ukiona rangi ya waridi, mrudishe motoni. Na weka maji na sabuni pale pale, si ndani ya nyumba.

Vinywaji na saa ya kula

Soda, pombe na kahawa zinawasha wenye kiungulia. Weka maji mengi ya baridi, na dafu kiasi. Halafu dishi itoke mapema. Choma ya kuliwa saa tano usiku, mtu analala saa sita, asidi inapanda kooni. Mpe tumbo saa mbili au tatu kabla ya kulala. Na usimpe mwenye alsa maziwa ukidhani ni dawa. Yanatuliza kidogo, halafu asidi inarudi.

Hapa usingoje asubuhi

Mtu akitapika damu au kitu kama kahawa iliyosagwa, akienda choo cheusi kama lami, au akishikwa na maumivu makali ghafla ambayo hayaachi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na kama anaumwa kichwa baada ya sherehe na ana alsa, usimpe aspirin wala ibuprofen.

Mwisho, usimtangaze. Usipaaze sauti, "Hii ni ya wagonjwa!" Panga vyakula vyote meza moja, mnong'oneze kipi ni kipi, kisha mwache ajipakulie. Siku akimaliza sahani na kuomba nyingine, utajua choma yako imeweza.