Daftari la Meko

"Mali bila daftari hupotea bila habari," walinena wahenga. Lakini msomaji mpendwa, umewahi kusikia daftari lililookoa majina ya watu wasio na mali? Hebu tega sikio.

Mwaka wa 1662 hazina ya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza ilikuwa haitoshi. Basi Bunge likatunga kodi mpya: shilingi mbili kwa mwaka kwa kila jiko. Jiko hapa si hili letu la makaa la kubeba. Ni mahali pa moto palipojengwa ukutani, moshi ukipitia dohani.

Kwa nini meko? Kwa sababu pesa hufichika, lakini jiko la ukutani utalificha wapi? Tajiri alikuwa na meko mengi, mkulima mdogo moja tu. Konstebo wa parokia aliandika jina la mwenye nyumba, na kando yake hesabu ya meko. Maskini hohehahe walisamehewa kwa cheti kilichotiwa sahihi na kasisi. Hata hivyo, kuanzia 1663 nao waliandikwa.

Sasa wewe fikiria: mtu wa serikali anaingia mpaka jikoni kwako kuhesabu! Watu walichukia mno. Yasimuliwa kwamba mwaka wa 1684, katika kijiji cha Churchill, Oxfordshire, mwoka mikate mmoja alikwepa kodi kwa kutoboa ukuta ili moshi wa tanuri lake utokee kwenye dohani ya jirani. Moto ukazuka, nyumba 20 zikateketea na watu 4 wakafa. Mwishowe, mwaka wa 1689, Mfalme William wa Tatu na Malkia Mary wakaifuta kodi hiyo.

Kodi ilikufa, madaftari yakabaki. Ukifungua ukurasa wa kijiji utamkuta kabaila mwenye meko kumi, na chini yake mjane mwenye moja. Pengine hakuna mahali pengine popote jina la mjane huyo limeandikwa.

Huku kwetu pia, serikali ya Mwingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka wa 1901. Nyanya yangu ametunza stakabadhi ya kodi ya baba yake, imechakaa kama jani kavu. Zamani niliiona takataka tu. Siku hizi naishika kwa mikono miwili. Wanachama wenzangu, kabla hamjachoma makaratasi ya wazee, yasomeni kwanza.