Paracetamol: dawa ya kichwa inaweza pia kugusa roho ya mtu?

Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, ni vigumu kupata farmasi isiyouza paracetamol. Mwenye kuumwa kichwa, mgongo ao mwenye homa anainunua hata kidonge kimoja kimoja, anameza na kurudi kazini. Lakini kwa miaka mingi sasa wachunguzi wa Marekani wanauliza: dawa inayotuliza mwili, je, haitulizi pia huzuni, furaha na huruma?

Uchunguzi wa kwanza uliojulikana sana ulitangazwa mwaka wa 2010. Nathan DeWall wa chuo kikuu cha Kentucky na wenzake waliwapa watu paracetamol kila siku kwa wiki tatu. Wengine walipewa kidonge kisicho na dawa ndani. Kadiri siku zilivyopita, waliomeza dawa ya kweli walisema maneno mabaya na dharau za watu haziwaumizi tena kama mwanzo. Kisha wengine walipigwa picha za ubongo wakicheza kwenye kompyuta mchezo wa kurushiana mpira, ambamo mchezaji anaachwa pembeni kwa makusudi. Kwa waliotumia dawa, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu zilishituka kidogo kuliko kwa wengine. Inaonekana basi ubongo unatumia njia zinazokaribiana mtu anapojikwaa kidole na anapotengwa na wenzake. Wanaosema « moyo unaniuma » hawakungojea mashine.

Mwaka wa 2015 jambo lilienda mbali zaidi. Katika chuo kikuu cha Ohio State, Geoffrey Durso na wenzake waliwachukua wanafunzi 82. Nusu yao walimeza miligramu 1000 za paracetamol. Baada ya saa moja wote walionyeshwa picha: watoto wenye njaa kali, watoto wakicheza na paka, na nyingine za kawaida. Waliomeza dawa waliona zile mbaya kuwa si mbaya sana, na zile nzuri kuwa si nzuri sana. Tena hawakuonekana kutambua mabadiliko hayo. Miligramu 1000 ni vidonge viwili vya 500, dozi ya kawaida ya mtu mzima.

Mwaka uliofuata, Dominik Mischkowski na wenzake waliwasomesha watu habari za wengine walio katika taabu, kama mtu aliyekatwa na kisu mpaka kwenye mfupa. Waliokuwa na dawa mwilini waliyahesabu maumivu hayo kuwa madogo. Kuhusu ibuprofen, matokeo hayaelewani: katika uchunguzi mmoja, wanawake walisikia uchungu wa moyo kupungua, wanaume kinyume.

Hata hivyo, mama anayempa mtoto mwenye homa dawa aliyoandikiwa na mganga asiogope. Mabadiliko yaliyoonekana ni madogo, na watu waliochunguzwa walikuwa wachache, wengi wao wanafunzi wa vyuo. Mwaka wa 2018, Kyle Ratner wa California na wenzake walikusanya kazi hizo zote na kusema uchunguzi zaidi unahitajika kabla ya kubadilisha sheria za kuuza dawa hizi.

Hatari iko kwingine. Mashariki mwa Congo, ambako wengi wamekimbia vita na kuzika ndugu, mtu anaweza kuvutwa kumeza vidonge ili mawazo yapungue ao usingizi uje. Paracetamol si dawa ya kilio, na hakuna mganga anayeiandika kwa kazi hiyo. (Tramadol ni jambo lingine kabisa: yenyewe inagusa roho kwa nguvu na inamfanya mtu kuwa mtumwa wake.)

Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini ao anayekunywa pombe sana anapaswa kutumia kiasi kilicho chini ya hapo. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Anayezichanganya na vidonge anaongeza dozi bila kujua. Aliyepitisha kiasi aende hospitali siku ileile, hata kama anajisikia mzima, kwa kuwa ini linaweza kuwa linaharibika kabla ya dalili kuonekana.