Enzi za Mwalimu

Enzi za Mwalimu ni jina ambalo Watanzania hulitumia kwa kipindi ambacho Julius Kambarage Nyerere aliongoza nchi, kuanzia uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961 hadi alipong'atuka urais mwezi Novemba 1985. Pamoja na kutaja miaka hiyo, jina hilo hutaja mtazamo: tabia ya kuipima hali ya leo kwa kipimo cha siku zile, na kuona kwamba zamani viongozi walikuwa waadilifu zaidi, vijana walikuwa na heshima zaidi, na hata umaskini uligawanywa kwa usawa.

Mtazamo huo ni wa kihafidhina, maana unataka mambo ya zamani yalindwe au yarudishwe. Lakini kinachotakiwa kulindwa ni siasa ya ujamaa, ambayo katika nchi nyingi wahafidhina huipinga. Mtazamo huo unapatikana nchini kote. Katika uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, una sababu ya pekee inayohusu bei ya mahindi.

Asili ya jina

Nyerere (13 Aprili 1922 - 14 Oktoba 1999) alifundisha katika shule za sekondari za Tabora na Pugu kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aongoze chama cha TANU. Jina la "Mwalimu" lilibaki naye hata alipokuwa rais. Neno "kung'atuka", ambalo wengi walilisikia mara ya kwanza alipojiandaa kuacha madaraka, linatokana na Kizanaki, lugha ya nyumbani kwake Butiama.

Vipindi vilivyofuata navyo vimepewa majina na wananchi. Miaka ya Ali Hassan Mwinyi (1985-1995) huitwa enzi za "ruksa", kwa sababu biashara nyingi zilizokuwa zimezuiliwa ziliruhusiwa. Ya Benjamin Mkapa (1995-2005) hukumbukwa kwa ubinafsishaji wa mashirika ya umma. Kwa hiyo mtu anaposema "enzi za Mwalimu" mara nyingi analinganisha: anamaanisha wakati kabla ya ruksa na kabla ya ubinafsishaji.

Mambo yanayokumbukwa

Msingi wa kwanza wa kumbukumbu hiyo ni maadili ya viongozi. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi au kupangisha nyumba. Miezi michache kabla yake, Oktoba 1966, Nyerere alikuwa amepunguza mishahara ya viongozi wakuu, pamoja na wake mwenyewe, kwa asilimia 20. Masharti hayo ya Azimio yalilegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM katika kikao kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991. Wanaotamani enzi za Mwalimu hulitaja tukio hilo kama mahali njia ilipopotea.

Msingi wa pili ni huduma. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika vijijini. Katika miaka ya 1990 wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu na za shule. Karo ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na ada ya sekondari za serikali kuanzia 2016. Kwa wazee, hatua hizi za karibuni zilikuwa kurudi mahali nchi ilipokwisha kufika zamani.

Msingi wa tatu ni umoja. Vijana kutoka mikoa mbalimbali walichanganywa katika sekondari za bweni na katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Waliomaliza kidato cha sita walipaswa kulipitia hadi mpango huo uliposimamishwa mwaka 1994, ulirejeshwa 2013. Kijana wa Ufipa aliyesoma mbali na kwao alirudi na marafiki wa makabila ambayo wazazi wake hawakuwahi kuyaona.

Kuna pia mambo madogo ya kila siku ambayo watu huyataja kwa mapenzi makubwa. Wakubwa na wadogo waliitana "ndugu", wakati leo mbunge huitwa "mheshimiwa". Viongozi walivaa suti za Kaunda. Jioni watu waliikusanyikia redio ya jirani kusikiliza Radio Tanzania, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994.

Ufipa na bei moja ya mahindi

Ufipa ni nyanda za juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na sehemu kubwa iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mji wake mkuu, Sumbawanga, uko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Reli haifiki huko: tawi la Reli ya Kati linaishia Mpanda na TAZARA inapita Tunduma. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, Sumbawanga ikitolewa mkoa wa Mbeya na Mpanda ikitolewa Tabora; Mpanda ilitengwa tena mwaka 2012 katika mkoa mpya wa Katavi.

Kwa mkulima aliye mbali hivyo, gharama ya usafiri ndiyo inayoamua kama atapata faida. Katika soko huria mfanyabiashara hukata nauli ya lori katika bei anayomlipa mkulima. Shamba likiwa mbali zaidi na mji, bei ya gunia hushuka zaidi, ingawa jasho lililomwagika ni lile lile.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliondoa tofauti hiyo kwa kuweka bei moja nchi nzima. Shirika la usagishaji la taifa, lililojulikana kwa herufi zake NMC, lilinunua mahindi ya Laela, Matai au Namanyere kwa bei iliyolipwa kwa mkulima aliye karibu na Dar es Salaam. Nauli ilibebwa na shirika, yaani na taifa zima. Mbolea nayo ilipewa ruzuku. Matokeo yake, uzalishaji ulihamia kusini magharibi, na mikoa minne ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ghala la taifa.

Inafaa kukumbuka kwamba kabla ya hapo zao kuu la Wafipa lilikuwa ulezi, uliolimwa pamoja na maharage katika matuta ya mviringo yaliyofunika majani ili yaoze na kuwa mbolea. Mahindi ya biashara, ambayo leo huonekana kama kilimo cha asili cha Ufipa, yalienea kwa sehemu kubwa katika enzi za Mwalimu zenyewe, pamoja na matumizi ya plau za kukokotwa na ng'ombe. Kwa hiyo "zamani" inayotamaniwa na mkulima wa Ufipa ilikuwa wakati wa mabadiliko makubwa.

Kati ya 1984 na mwanzo wa miaka ya 1990 biashara ya nafaka ilifunguliwa hatua kwa hatua, bei moja ikafutwa, na kufikia mwaka 1994 ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa. Mikoa iliyo karibu na masoko ilipata nafuu. Iliyo mbali ilibaki na bei ndogo na mbolea ghali. Ruzuku ilirudi kwa namna mbalimbali kuanzia 2003. Tangu 2008 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua mahindi Rukwa, lakini hauwezi kununua mavuno yote. Yanayobaki huuzwa kwa wafanyabiashara na madalali, mara nyingi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake na kulipwa kama gunia moja. Mkulima anayesema kwamba enzi za Mwalimu bei ilijulikana kabla ya kupanda anasema jambo la kweli.

Mambo yanayosahaulika

Ukweli huo una upande wa pili. NMC mara nyingi ilichelewa kuwalipa wakulima, na mahindi yalikaa nje yakingoja magari hadi mvua ikayakuta. Shirika lilibeba nauli lisiyoweza kuimudu na likazama katika madeni. Mkulima aliyeuza kwa mtu mwingine aliweza kukamatwa kama mlanguzi. Bei ilikuwa ya uhakika, lakini fedha alizolipwa hazikuwa na cha kununua: mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda (1978-1979) na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo viliadimika, na watu walipanga foleni kwa masaa.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilianza kwa hiari, lakini kati ya 1973 na 1976 ilitekelezwa kwa amri, na mahali pengi nchini nyumba zilichomwa au kubomolewa. Mamilioni ya watu walihamishwa. Wafipa walikuwa wakiishi tangu zamani katika vijiji vya nyumba zilizokaribiana, tofauti na makabila mengi ambayo kila familia ilikaa shambani kwake. Kwa mtu aliyehamishwa kutoka kwenye makaburi ya babu zake, enzi za Mwalimu zina maana nyingine. Ukali wa jambo hilo ulionekana Isimani, mkoani Iringa, tarehe 25 Desemba 1971, ambapo mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi.

Tena, tangu 1965 palikuwa na chama kimoja tu, na sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu rais kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na Ufipa, iliyokuwa na tawala za Nkansi na Lyangalile, ilipoteza watawala wake wa jadi. Kwa hiyo wapo wazee ambao zamani yao njema ilikwisha kabla ya ile ya Mwalimu kuanza.

Msimamo wa Nyerere mwenyewe

Nyerere hakukubaliana na kila jambo linalosemwa kwa jina lake. Katika mahojiano ya mwaka 1984 alisema kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa (1972) wala vyama vya ushirika (1976). Zote mbili zilikuwa taasisi ambazo kwazo mkulima alikuwa na sauti yake.

Mwaka 1991 Tume ya Nyalali iliwauliza wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na Nyerere aliunga mkono mageuzi hayo, yaliyoanza mwaka 1992. Hapo Mwalimu alikuwa mbele ya wafuasi wake waliotaka kubaki nyuma. Kwa upande wa maadili hakulegeza kamba: katika kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania (1993) na katika hotuba ya Mei Mosi 1995 mjini Mbeya aliwakosoa vikali viongozi wa wakati huo.

Katika siasa za leo

Tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki, ni sikukuu ya taifa, na ndiyo siku ya kuzima Mwenge wa Uhuru. Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na Wakatoliki, ambao ni wengi sana Ufipa, humwita Mtumishi wa Mungu.

Vyama vyote humtumia. CCM hudai urithi wake kama chama alichokiasisi. ACT-Wazalendo, iliyoanzishwa 2014, ilitoa Azimio la Tabora mwaka 2015 kwa nia ya kuhuisha Azimio la Arusha. Mizengo Pinda, waziri mkuu (2008-2015) aliyetoka Mpanda, alijulikana kama "Mtoto wa Mkulima". John Magufuli (2015-2021) alilinganishwa mara kwa mara na Nyerere kwa ukali wake dhidi ya ubadhirifu. Lakini chini yake, mwaka 2017, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na bei ikaanguka katika nyanda za juu kusini, Rukwa ikiwemo. Mkono wa serikali uliompandishia mkulima bei wakati mmoja ulimshushia wakati mwingine.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wengi wao walizaliwa baada ya 1985. Kwao enzi za Mwalimu ni jambo la kusimuliwa na wazee, la kusomwa shuleni na la kusikilizwa katika hotuba za zamani redioni.

Ulinganisho na nchi nyingine

Nchini Marekani wahafidhina wengi hutazama nyuma kwenye miaka ya 1950, wakati viwanda vilikuwa na kazi na mji mdogo ulikuwa na kanisa lililojaa. Kaulimbiu ya kuifanya Marekani iwe kuu tena ilitumiwa na Ronald Reagan mwaka 1980 na Donald Trump mwaka 2016. Wamarekani weusi hukumbuka miaka hiyo hiyo kama wakati wa ubaguzi wa rangi, uliopigwa marufuku na sheria ya mwaka 1964. Katika Ujerumani Mashariki ya zamani, baada ya muungano wa 1990, wapo waliotamani uhakika wa ajira wa nchi yao iliyokwisha, bila kutaka polisi wake wa siri warudi.

Marekani na Tanzania zinatofautiana katika kinachotamaniwa. Mmarekani wa mtazamo huo kwa kawaida hutaka serikali ipunguze mkono wake katika maisha yake. Mkulima wa Ufipa hulalamika kwamba serikali ilimwacha peke yake mbele ya dalali. Wanachofanana ni kwamba kila mmoja hutaja zamani ili kusema anachokosa leo. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Millennium Challenge Corporation, imepunguza umbali ule ambao bei moja iliundwa kuufidia. Bado haijaondoa lumbesa.

Tazama pia

Azimio la Arusha
Julius Nyerere
Mkoa wa Rukwa
Sumbawanga
Ujamaa
Wafipa